Goti la Doria Kwenye Meza ya Wajumbe

Jumamosi, mwezi wa tano. Niko nyumbani Matiri. Ukungu tangu alfajiri, manyunyu, baridi ya kuvaa sweta mbili.

Wewe unayesoma, nakuomba kabla ya yote: usimwambie mtu. Usiyasome haya kwa sauti, usiyatume kwenye kundi lolote, usimtajie hata mkeo kama ana ndugu kwenye kamati ya chama chetu. Mimi ni karani wa chama cha wakulima wa kahawa. Ni kazi yangu ya kwanza na bado naitaka. Lakini nisipoandika leo nitapasuka.

Doria amekimbia.

Amekimbia kwa miguu yote minne, kupanda mteremko, nyuma ya nyani watatu, na mama amekaa chini kwenye nyasi mbichi akicheka mpaka kitenge kikalowa.

Doria ni mbwa wa mama, jike la rangi ya mchanga. Tangu baba afariki, mama analima peke yake, na bila Doria nyani na nguruwe pori wangekuwa wanavuna kabla yetu. Shamba letu liko mteremkoni na limechimbwa ngolo, yale mashimo ya Wamatengo yanayoshika maji ya mvua yasiondoke na udongo. Mwezi wa pili, jioni, Doria alikuwa anamfukuza nguruwe. Akaruka tuta, akatua vibaya ndani ya shimo, mguu wa nyuma ukabaki huku mwili ukigeuka. Mama alisikia mlio mmoja tu.

Aliitwa fundi wa mifupa, akaufunga mguu kwa vipande vya mianzi. Wiki zikapita. Mianzi ilipofunguliwa, paja lilikuwa limenywea kama la mbwa mwingine, na Doria alikuwa bado anaruka kwa miguu mitatu. Ndipo baba mdogo, ambaye shamba lake linapakana na letu, akasema imetosha. Jumapili baada ya misa atampeleka bondeni ammalize. Akamwambia mama kwamba yule sasa ni mlaji, si mlinzi tena. Kisha akanigeukia mimi.

“Na wewe karani, utamwandikia likizo ya ugonjwa?”

Majirani waliokuwepo walicheka. Mama hakucheka, ila hakukataa pia. Mimi nilitazama viatu vyangu, kama kawaida yangu. Ilikuwa Alhamisi, nimeomba ruhusa nije kumwona mama.

Sijui nilipata wapi ujasiri. Kesho yake nilimtia Doria kwenye tenga, nikapanda naye bodaboda hadi Mbinga mjini, kwa Dokta Kapinga. Huyu ni mganga wa mifugo, dada wa makamo ya dada yangu mkubwa, mwenye duka la dawa jirani na ofisi yetu. Siku nyingi anachanja kuku na nguruwe. Alimlaza Doria ubavu, akashika paja kwa mkono mmoja na mguu wa chini kwa mwingine, akavuta polepole. Mfupa wa chini uliteleza mbele kama droo inayofunguliwa.



Alinieleza kwamba kano ya ndani ya goti imekatika, na mianzi haiwezi kuunga kano. Dawa ni kulifunga goti kwa uzi imara unaopita pembeni, ulishike wakati nyama za kandokando zikikomaa na kuchukua kazi yenyewe. Uzi wenyewe anao: nailoni nene ya kuvulia samaki wakubwa, aliyoinunua Mbamba Bay. Ataichemsha kwa mvuke pamoja na visu vyake. Halafu akaniambia ukweli ambao ningependa asiniambie. Chuoni alimsaidia mwalimu wake kufanya upasuaji huo. Peke yake hajawahi.

Chumba chake cha nyuma kina giza, na meza yake inayumba. Akaniuliza kama najua mahali penye meza ndefu na mwanga wa kutosha.

Nilipajua. Ufunguo wake ulikuwa mfukoni mwangu.

Kwa hiyo Jumamosi ile, ofisi ikiwa imefungwa, tulitandika plastiki safi juu ya meza ya mikutano, pale ambapo wajumbe wa kamati hujadili bei ya kahawa na kunywa chai. Dokta alimchoma Doria sindano ya usingizi, akamnyoa mguu, akausugua kwa dawa. Mimi nilipewa glavu na kazi mbili: kutazama kifua kinavyopanda na kushuka, na kuushika mguu pale alipoupinda, nisiuachie.

Nilidhani nitazimia alipokata. Sikuzimia. Ndani ya goti palikuwa safi kuliko nilivyotarajia, peupe, na katikati kuna nyuzi mbili zilizochanika kama ncha za kamba kuukuu. Dokta akasafisha. Akapitisha nailoni nyuma ya kijifupa kidogo kama punje ya harage, akatoboa tundu mbele ya mfupa wa chini kwa keekee ya mkono aliyoichemsha, akapenyeza uzi. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso, akajifuta kwa bega.

Alikuwa anaanza kukaza fundo pale mlango ulipogongwa.

“Karani, fungua. Nimesahau miwani yangu.”

Mwenyekiti wa chama. Mzee ambaye nikisikia fimbo yake kwenye ngazi huwa nanyoosha tai ambayo sijavaa.

Dokta hakuinua kichwa. Alisema kwa sauti ya chini tu kwamba mguu ukisogea sasa, fundo litalegea na tutakuwa tumemkata mbwa bure. Mlango ukagongwa tena.

“Shikamoo, Mzee,” nikasema kwa nguvu, bila kugeuka.

“Marahaba. Fungua.”

“Naomba unisubiri nje, Mzee. Sifungui sasa.”

Sikuwa nimewahi kumwambia mtu mzima maneno hayo maishani mwangu. Mikono ilikuwa inatetemeka, lakini mguu wa Doria ulikuwa umetulia palepale. Dokta akakaza fundo la kwanza, la pili, la tatu. Akauvuta mfupa kama alivyouvuta dukani. Haukuteleza hata kidogo. Akanitazama, na nadhani chini ya barakoa alikuwa anacheka.

Alipomaliza kushona ngozi, nilifungua. Mwenyekiti alikuwa amekaa barazani, kofia imelowa. Akaingia, akamtazama mbwa aliyelala ulimi nje, akaitazama meza.

“Hii si meza ya wajumbe?”

“Ndiyo, Mzee.”

Akaizunguka taratibu kama anakagua gunia la kahawa. Dokta akamweleza alichofanya, naye akauliza kama nailoni hiyo ingefaa kwa goti la mzee wa miaka sabini. Dokta akasema hana kibali cha wazee. Mwenyekiti akachukua miwani yake, akafika mlangoni, akageuka.

“Sugueni meza hiyo vizuri. Na wajumbe wasijue. Wakijua, hakuna atakayekunywa chai humu, na bila chai sijui nitawashika vipi mpaka mkutano uishe.”

Ndiyo maana nimekuomba ukae kimya.

Wiki zilizofuata zilikuwa ngumu kwa mama kuliko kwa Doria. Dokta aliagiza mbwa afungwe jikoni, atembezwe kwa kamba taratibu, asiruke. Baba mdogo alipita akasema hajawahi kuona mbwa anayetembezwa kama bibi harusi. Lakini vidole viligusa chini. Kisha unyayo wote. Kisha paja likaanza kujaa.

Leo Dokta alipanda nami hadi huku. Akalishika goti, akalivuta, akaridhika, akafungua kamba. Nyani walikuwa wameshafika kwenye mahindi ya pembeni. Doria hakungoja kuambiwa. Alipita kati ya mashimo kama maji, akatua, akaruka, akatua tena, nami kila alipotua nilifumba macho.

Baba mdogo aliona yote akiwa kwenye tuta lake. Alikuja, akapiga goti, akalipapasa lile kovu kwa kidole gumba, muda mrefu, bila mzaha. Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini kama Dokta angeweza kumtazama mbwa wa shemeji yake anayeishi Kihagara, maana mbwa huyo naye ana mguu mmoja hewani tangu Pasaka.

Nimesema ndiyo. Mimi, bila kumuuliza mtu.

Basi, kama na wa kwako anainua mguu wa nyuma na watu wameshaanza kumtafutia bonde, usimpeleke. Njoo Mbinga mjini, duka la dawa za mifugo lenye mlango wa bluu, umuulizie karani wa ofisi ya jirani. Usije siku ya mkutano. Mbwa asile kitu tangu jana yake jioni. Mtu atakayekupokea na kuushika mguu nitakuwa mimi, na mikono yangu itakuwa inatetemeka. Usihofu. Hivyo ndivyo inavyofanya kazi.