Ng'ombe wa Verdiane Aliyegeuka Mashua

Jumamosi, 11 Aprili 1953

Nimeipata! Mashua ndogo ya tanga, ya yule Mzungu wa kahawa aliyerudi kwao Ulaya. Alimwachia mpishi wake, Nestor wa Sake, na Nestor anaogopa maji kama paka. Ina mlingoti, ina usukani, tanga limeliwa na panya lakini linashoneka. Tangu utotoni nilikuwa naliona tanga hilo chini ziwani nikichunga ng'ombe wa baba huku juu Karuba, roho inanidunda. Leo ni yangu!

Nestor hakutaka franka. Alitaka ng'ombe. Nimempa Gaju.

Gaju ni ng'ombe wa Verdiane, mke wangu. Baba yake alimpa nilipomwoa. Verdiane yuko Mushaki kwa dada yake, atarudi kesho. Nitamweleza vizuri. Mimi ni monitri, mwalimu wa shule, kueleza ndiyo kazi yangu.

Jumapili, 12 Aprili

Sikueleza vizuri.

Alikwenda moja kwa moja zizini na kibuyu chake. Akakuta mashua imelala mahali pa Gaju. (Dereva wa kamio, lile lori la maziwa, alinipandishia jana bure, kwa raha ya kucheka njia nzima.) Verdiane akaizunguka mara mbili.

"Monitri, hii njo nitakamua?"

Akikasirika huniita Monitri. Nikamwambia itavusha maziwa yake ng'ambo ya ghuba, kwenye mashamba ya kahawa ambako kamio haifiki. Nilibuni papo hapo! Lakini kadiri nilivyosema ndivyo nilivyozidi kuamini.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Akasema baba yake, Papa Hakorimana, atatoka Kingi siku ya Pentekoste kuja kumwona Gaju. "Kama siku ile mbao yako haiko inafanya kazi ya ngombe, utamuambia weye mwenyewe. Na mimi nitarudia naye Kingi."

Wiki sita. Naona haya, na ninaogopa. Lakini mashua ni nzuri, jamani.

Jumatatu, 20 Aprili

Kazi imeanza. Kuzuia mbao isivuje, nani Karuba asiyejua? Chombo cha maziwa hukaushwa, hufukizwa moshi, hupakwa siagi. Cha babu yangu kilikaa miaka thelathini bila kutoa tone. Na mashua ni nini? Ni chombo kikubwa cha maziwa, ila maji yanakaa nje.

Nimeipindua juu ya mawe, nimewasha moto wa majani mabichi chini yake. Moshi kijiji kizima! Jirani yetu Mukandori alikuja kuuliza kama tunachoma nyama. Akaondoka amenuna.

Alhamisi, 30 Aprili

Siku kumi za moshi. Ukiigonga inalia kama ngoma. Jana niliipaka siagi, vibuyu vitatu vya Verdiane, kwa ruhusa yake. Ruhusa ilikuwa kunyamaza.

Asubuhi hii – balaa! Ng'ombe wamevunja uzio, wameilamba yote, wamelamba mpaka rangi. Nimepaka upya.

Verdiane amechukua tanga. Sikumwomba. Anashona barazani, anatia viraka vya nguo yake nyekundu ya zamani. Mishono midogo, imekazwa kwa hasira. Nilipita nikasema ni kazi safi. Akakata uzi kwa meno.

Jumamosi, 9 Mei

Aibu! Aibu ya mwaka!

Tumeishusha Sake, Verdiane amebaki nyumbani. Watu tele ufukweni. Nilivaa koti. Nikaisukuma, nikarukia ndani, nikasimama, nikawapungia mkono. Maji yakaingia kila upande. Nilizama polepole, wima, mpaka kiunoni, mkono bado uko juu. Wengine walicheka mpaka wakakaa chini.

Mvuvi mmoja, Papa Bauma, akanivuta. Akapitisha kidole kizima katikati ya mbao mbili.

"Nani alikausha hii?"

"Mimi."

"Sababu gani? Iko samaki?"

Kumbe mbao za mashua zinataka kulowa. Zikinywa maji zinavimba, zinabanana zenyewe. Mimi nimezikausha siku kumi, kwa moto! Na dawa yake? Papa Bauma ameijaza mawe akaizamisha. Kwa makusudi! Ilale humo mpaka ishibe.

Verdiane ameuliza iko wapi. Nimesema iko ziwani. Si uongo.

Alhamisi, 14 Mei. Kupaa kwa Bwana

Baada ya misa Verdiane akasema: twende Sake.

Tulianzia kwa Nestor. Gaju alimtambua Verdiane kwa sauti, akaja mbio mpaka kwenye uzio. Verdiane akamkumbatia shingo, akalia. Mimi nikatazama viatu vyangu. Ni mimi niliyefanya hivi. Nikamsihi Nestor tubadilishane tena. Akacheka: Gaju anatoa maziwa, bwato inatoa nini?

Halafu ufukweni. Hakuna kitu ila maji.

"Iko wapi?"

"Ndani ya maji."

"Inafanya nini?"

"Inakunywa."

Akanitazama. Mara akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika bega langu. Tangu Aprili hajanigusa! Kisha akapangusa macho.

"Ngombe ilikuwa yangu. Basi bwato njo yangu. Kuanzia leo utaniomba ruhusa."

Papa Bauma akasema hiyo ni haki. Nani alimwuliza?

Jumamosi, 16 Mei

Tumetoa mawe, tumekomba maji. Haivuji! Matone tu pembeni, tumeyaziba kwa gudron, ile lami nyeusi. Papa Bauma anafundisha. Verdiane anashika usukani kama aliyezaliwa nao. Mimi nimepigwa kichwani mara mbili na mti wa tanga, nikawekwa mbele kama mzigo.

Nimeomba kushika usukani. Amesema atafikiri.

Jumamosi, 23 Mei

Sake, ufukweni. Naandika juu ya goti. Verdiane na Papa Bauma wameondoka alfajiri na bidoni nne, madebe ya maziwa, kwenda mashamba ya ng'ambo. Nafasi ilikuwa ya bidoni nne au mimi. Amechagua bidoni. Wakinunua huko, kesho tuna la kumwambia baba yake. Wasiponunua, Verdiane ataondoka naye. Sitaki aondoke.

Saa sita. Bado.

Saa nane. Kamio ya Masisi imesimama. Ameshuka mzee mwenye fimbo – Papa Hakorimana! Siku moja kabla! Karuba wamemwambia tuko huku. Ameuliza habari za nyumbani, za mvua, za shule. Halafu:

"Na ngombe ya mutoto wangu iko wapi?"

Miaka tisa nafundisha. Nimenyoosha kidole ziwani.

Ametazama kidole, ametazama ziwa. Ameketi kwenye jiwe, fimbo magotini. Naandika ili nisimtazame usoni.

Tanga! Naona viraka vyekundu. Upepo wanao. Verdiane amesimama – nani amemwambia asimame! Ameinua bidoni juu ya kichwa kwa mkono mmoja. Mkono mmoja! Basi ni tupu! Anaitikisa, anaimba.

Mzee amesimama pia. Amenishika mkono wa shati. Anauliza mwanamke yule ni nani.