Maji ya Lumemo Ndani ya Kasha la Kioo

Ifakara, Alhamisi

Mama Halima,

Samaki wote wamekufa. Taarifa hiyo nimepewa leo asubuhi na jirani yangu Mama Festo, nikiwa bado nashuka kwenye lori lililonirudisha kutoka Sanje. Mimi mwenyewe nimeithibitisha kwa pua kabla ya macho. Aliyebaki hai ni kaa mmoja.

Nakusalimu sana, wewe na watoto. Mimi ni mzima, ukiacha tumbo, ambalo nitalieleza. Kifua cha Halima kimetulia? Na lile jino lako uliling'oa, au bado unajifunga kitambaa ukitumaini litapona lenyewe? Nijibu hayo kwanza, ndipo unicheke.

Maana najua utacheka. Barua yako ya mwisho ilisema wazi: ukifika huku ukakuta kasha la maji ya bahari limekaa mahali pa kitanda cha mtoto, unarudi Tanga na lori lile lile lililokuleta. Sikukujibu. Nilikuwa natafuta maneno ya kulitetea. Sasa nakuandikia yaliyotokea, na mwisho uamuzi.

Kasha hilo unalijua kwa maelezo tu. Ni la vioo vinne na sakafu ya bati, nililoachiwa na mpimaji ardhi alipohamishwa. Dereva Saidi, anayekuja huku kuchukua mchele, ndiye aliyeniletea maji ya bahari kwa madebe kutoka Dar es Salaam, pamoja na wakazi wenyewe: vitatange wawili wa manjano, tasi mmoja, na yule kaa wa mikoko. Njiani mtikisiko wa lori uliwapa pumzi. Hapa nyumbani pumzi niliwapa mimi, kwa pampu ya baiskeli na mpira mwembamba, asubuhi, mchana na jioni. Niliposafiri, Mama Festo alinisaidia.

Wiki hii maji yamekata barabara karibu na Kidatu, nami nilitumwa Sanje kuandika habari za abiria na mizigo iliyokwama. Saidi naye amekwama upande huu na magunia yake, ndiyo sababu nimerudi naye. Mama Festo alitupokea barabarani, mikono kiunoni.

"Baba Halima, kwenye uwanja huu kuna mtu mbaya," alisema. "Nimeona maji yana ukungu, nikachovya kidole, nikaonja. Chumvi! Chumvi tupu! Nikasema, huyu adui anataka kuwaua samaki wa watu."

"Ukafanyaje?"

"Nikamwaga yote. Nikawatilia maji ya mto Lumemo, niliyoyateka mwenyewe alfajiri kabla watu hawajayachafua. Ndoo kwa ndoo. Mgongo wangu huu hapa unauma."

"Mama Festo, hawa wanaishi kwenye chumvi."

Alinitazama kama anayemtazama mtu aliyepigwa na jua. "Nani anaishi kwenye chumvi? Kambale ukimtia chumvi si unamkausha?"

Saidi alicheka mpaka akaegemea lori. "Mama, hawa wamekolezwa wakiwa hai! Wewe ungewatupa kikaangoni tu, kazi ilikuwa imekwisha!"

Usimlaumu. Mumewe ni mvuvi wa mto. Kwao kambale hukaa hai mtungini akimngoja mnunuzi, mradi maji yabadilishwe. Bahari hajaiona wala kuionja. Mimi nilimfundisha pampu tu; habari ya chumvi haikunijia kinywani, maana kwetu Tanga hakuna anayehitaji kuambiwa.

Nikaingia ndani. Unajua nimeandika habari za mafuriko, za viboko waliomaliza mashamba ya mpunga, za mtu aliyevutwa na mamba akaokolewa bila mguu. Niliziandika zote, nikala chakula changu. Leo nimetapika nyuma ya choo.

Maji yalikuwa mazito, meupe, yenye utando juu kama uji uliolala. Vitatange walikuwa wamevimba, na ile manjano yao imebanduka na kuelea vipande vipande. Kaa alikuwa amempanda tasi kichwani, anamdonoa jicho kwa koleo moja na kulipeleka mdomoni polepole, bila haraka yoyote, kama mtu anayekula njugu barazani. Nilipotia mkono kumtoa kitatange mmoja, alikatika. Nusu ilizama, nusu ikabaki imeninata vidoleni. Nimenawa kwa sabuni, kwa majivu na kwa ndimu, na hapa ninapoandika harufu ingali imo chini ya kucha.

Saidi alisimama mlangoni, shati limefunika pua. "Bwana mwandishi, usife moyo. Maji yakipungua Kidatu nakuletea madebe mapya. Safari hii nitakutafutia na chewa mdogo, mzuri."

Nakwambia kweli, nilifungua mdomo nikubali. Kisha nikakumbuka debe lake la mwisho. Nilipolimimina, kilitoka kitambaa cha kidonda, bado kina usaha.

"Utayajaza wapi?" nikamuuliza.

"Si pale pale gatini? Bahari si ni moja?"

Basi, hapo ndipo jambo lilipokwisha. Nilikuwa nikikuandikia kwamba nafuga kipande cha Tanga chumbani mwangu. Si kweli. Nilikuwa nafuga uchafu wa gati, na humo ndani kila aliye hai alikuwa akimngoja mwenzake afe. Nikamwambia Saidi sitaki tone lingine. Akaniomba kaa, amchemshe leo jioni. Nimempa. Alinialika, nikakataa.

Mama Festo naye aliomba kasha. Anataka kupangia vitumbua vyake sokoni, maana nzi wanamfukuzia wateja.

"Harufu hii utaitoa?" nilimuuliza.

"Majivu na jua, Baba Halima. Mimi ni mke wa mvuvi. Wanangu wote nimewalea ndani ya harufu hii."

Nimemkubalia. Ila bado anamtafuta yule adui aliyetia chumvi. Jioni hii amewahoji majirani wawili, na kwa jinsi anavyouliza, angefaa kazi yangu.

Mpe mama shikamoo yangu, na umwambie dawa ya tumbo aliyonifungia ninayo, leo imepata kazi. Msalimu shemeji fundi cherehani, na mjomba wa sokoni anayesema Ifakara ni mwisho wa dunia. Mwambie ana haki kwa upande wa barabara tu. Mchele wa huku hajaula. Barua hii itavushwa kwa mtumbwi, kwa hiyo ikifika na madoa, ni ya mto.

Jumamosi Mama Festo na mumewe wanakuja kulibeba kasha. Jumapili napaka chokaa ukuta wa upande ule, maana chumvi imeula. Jumatatu asubuhi seremala wa Lumemo analeta kitanda cha Halima.

Mumeo,
Athumani