Usukani wa Sebuleni

Kwa wifi yangu Khasandi,

Salamu nyingi kutoka Butali. Mahindi yamebeba vizuri na mbuzi amezaa mapacha, lakini hayo ngoja kwanza! Nanjala wangu ameshinda mashindano ya mbio za magari za kwenye kompyuta kule Kakamega mjini. Amewashinda wanaume kumi na wawili! Zawadi ni usukani, pedali na miwani mikubwa inayokuingiza ndani ya gari kabisa. Nani mwingine amezaa hivyo?

Jana alimvalisha baba yake miwani hiyo. Unamjua kaka yako: tangu ile trekta ya miwa ipinduke naye mwaka jana, hajashika usukani tena, hata baada ya trekta kutengenezwa. Aliugusa usukani, akaurudisha mkono.

"Baba, hapa huwezi kuumia," Nanjala akamwambia.

Basi akaliondoa gari! Magari yote yakampita vuu, na yeye kila kona anapunguza mwendo.

"Baba, kanyaga mafuta!"

"Na miwa imwagike?"

Tulicheka hadi machozi. Alimaliza wa mwisho, jasho tupu, akaomba arudie.

Leo asubuhi ameniuliza nilipoficha ufunguo wa trekta. Nimempa, wifi. Ninapokuandikia naisikia ikinguruma huko nje.

Mimi mamake bingwa,
Phoebe