Picha za Nkowe Nilifuta Mimi

S.L.P. 213,
Nachingwea.
9 Julai 2006

Mpendwa Dada Eva,

Shikamoo dada. Waendeleaje huko Mwanza? Zile zamu za usiku hospitalini zimepungua, au bado unalala mchana kama popo? Sisi hapa hatujambo. Kifua cha mama kimepona, na mdogo wetu Dickson ameota jino la mbele, kwa hiyo hatuna tena cha kumtania.

Kamera uliyomtumia baba yako ilifika salama. Nilitaka kukuandikia siku ileile, ila yaliyofuata yakanifunga mkono. Unanijua mimi, mdomoni sina maneno, kwenye karatasi nayamwaga. Leo nayamwaga hata ya aibu.

Mjomba Kipriani alifurahi sana kuletewa zawadi na bintiye, dada. Siku ya kwanza aliigeuzageuza kamera akitafuta pa kuweka mkanda. Nikamsomea kile kitabu cha Kiingereza na kumtafsiria: hakuna mkanda, hakuna kusafisha picha gizani, picha inakaa kwenye kadi ndogo kuliko stempu. Akaguna. "Doreen, miaka ishirini na mbili nalinda mkanda usione jua. Leo wewe unaniambia jua si kitu?" Kila akitaka kuitoa kadi, alijifunika koti kichwani.

Likizo ya Juni alinichukua niwe msomaji wake. Tulipanda basi hadi Ruangwa, akaazima baiskeli, tukaenda Nkowe, mimi nyuma nimekumbatia mkoba. Alinifundisha mwanga: ukimpiga mtu picha saa sita mchana, macho yake yanakuwa mashimo meusi, msogeze kwenye kivuli cha ukuta. Mimi nikamfundisha kwamba picha ni vitone vidogo vya rangi, na vikiwa vingi picha inatoka safi lakini kadi inajaa upesi. Akafikiri, akasema, "Kumbe ni ufuta uliomwagwa juu ya mkeka." Kitabu kizima hakikusema vizuri hivyo.

Nkowe watoto walikuwa wanatoka jandoni. Mama mmoja, Mama Sofia, alimleta mwanawe Rahimu na kanzu mpya na mwavuli. Watu walisimama wima kama kawaida yao, hakuna kucheka, mpaka walipogundua kwamba picha inaonekana palepale nyuma ya kamera. Hapo wakatuvamia! "Hebu nione! Huyu ndiye mimi?" "Ndiye wewe, pua unaikana?" Jioni kadi ikajaa.

Mjomba akanipa kamera nifute picha moja, ya mbuzi aliyepita mbele ya familia ya watu. Wote wakanitazama. Dada, unajua nikitazamwa navyokuwa. Bila kusoma vizuri nikabonyeza "futa zote". Kamera ikaniuliza kama nina hakika, na kwa haraka ya kutaka watu waache kunitazama, nikakubali. Picha arobaini na tatu. Nikaizima, nikamrudishia.

Asubuhi akakuta hamna kitu. Akakaa chini. Akakumbuka kwamba mchana ule alikifungua kimlango cha kadi juani, bila koti, ili amwonyeshe Mzee Bashiri, baba yake Rahimu. "Nimeziunguza," alisema. Mimi nikanyamaza. Sikusema uongo hata neno moja, lakini kunyamaza kule kulikuwa uongo mzima.

Tuliporudi nyumbani alishinda siku tatu akitengeneza baiskeli isiyo na ubovu. Akaniambia nisikuandikie. Siku ya nne nikamkuta anaifunga kamera kwa kamba kwenye boksi la biskuti, juu ameandika jina lako. "Hii ni ya watu wa siku hizi. Narudi kwenye mkanda wangu, ukiisha nao nimeacha kazi."

Nilikuwa nimeshaandika kila kitu kwenye karatasi. Nikamwekea magotini, nikageuka nikimbie.

"Rudi. Sina miwani. Nisomee."

Dada, nilitamani ardhi ipasuke. Nikasoma kwa sauti, kuanzia mbuzi hadi kunyamaza.

"Kwa hiyo jua halikuziunguza?"

"Halikuziunguza, mjomba."

"Hata nikifungua saa sita?"

"Hata saa sita."

Akaikata ile kamba kwa meno. Nilidhani nitapigwa, kumbe anacheka! Kisha akanyoosha kidole: "Lakini Nkowe utasema wewe."

Tulirudi Jumamosi iliyofuata. Walikusanyika wakidhani tumeleta picha. Nikaanza, hakuna aliyenisikia. Mama Sofia akasema, "Ongeza sauti mwanangu, hapa tunakuona midomo tu." Nikaongeza. Nikasema nimezifuta mimi, si mjomba, si jua, na nilijua tangu siku ileile.

Wa kwanza kuongea alikuwa Raudha, dada yake Rahimu. "Afadhali! Mimi nilifumba macho." Mama Sofia akanikazia uso kidogo, na nilistahili, kisha akaita, "Rahimu, kanzu iko wapi?" Kanzu ilikuwa na doa la mafuta tumboni. Wakalificha kwa mwavuli, mjomba akapiga upya. Safari hii mtoto alicheka mpaka kofia ikaanguka, na ndiyo picha waliyoichagua.

Nisamehe na wewe, kwa kukuficha na kwa kumwacha baba yako ajilaumu siku zote zile. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema nikuandikie, nisibakize kitu.

Msalimie shemeji Jonasi na mwanao. Bibi Magreti anakusalimu sana, na Dickson anaomba kofia. Mungu akulinde katika zamu zako na akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Ndani nimeweka picha moja tuliyosafishiwa Masasi. Mjomba alinipiga bila kunijulisha, nikiwaambia watu wa Nkowe. Mdomo wazi, mikono hewani, nywele zimesimama. Mama anasema nimetoka vibaya. Mimi naona ndiyo picha yangu ya kwanza ambayo sijainamisha kichwa.

Mdogo wako anayekupenda na kukukumbuka,
Doreen