Vinavyokaa Kichwani

Mjukuu wangu Editha,

Marahaba. Hapa Bukiriro tu wazima, na maharage yametoa maua. Umeuliza, wanafunzi wako wakipanga vitu kwa maumbo, kopo liwekwe kundi gani, maana linasimama na pia linabingirika. Jibu langu sijapata kumwambia mtu.

Miaka ile wakimbizi walipojaa huku kwetu, nikiwa mwanafunzi mwenye haya, nilisaidia kufundisha watoto kambini. Niliwapa kopo, boksi na mpira wa majani ya migomba wavipange makundi. Msichana ambaye hakuwahi kusema neno darasani akaweka kopo na boksi pamoja.

"Kopo si linabingirika, wewe?" wenzake wakamcheka.

Akainama. Nikaogopa asije akanyamaza moja kwa moja, nikamuuliza sababu.

"Hivi vinakaa kichwani ukitembea. Mpira unaanguka."

Nikauweka mpira kichwani, nikatembea. Ukaanguka. Nikampa chaki, nami nikakaa chini na wenzake.

Bibi yako