Dada yangu alisema ni kichwa

Mpendwa Mama Mshauri, nakusalimia kwa heshima na naomba unisaidie katika jambo ambalo si langu, ni la dada yangu Umutesi, mama wa miaka ishirini na sita, ambaye naishi kwake hapa Kasenga ili nisome, na yeye ndiye aliyeniomba niandike kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka, na tena nasoma biolojia, ingawa mwalimu wetu Anastase alipofika kwenye sura ya uzazi alisema tutaisoma wenyewe nyumbani, akaendelea na sura ya majani.

Tangu dada ajifungue mtoto wa pili, sasa ni miezi saba, kulala na mume wake ni maumivu, anasema ni kama kidonda kinachotiwa chumvi, na nyumba nzima imekwisha kujua sababu isipokuwa yeye. Shemeji Ishema anajua kwamba hapendwi tena. Mama yake anajua kwamba uzazi umemlegeza dada, kwa hiyo alimletea shabu, lile jiwe jeupe la sokoni, pamoja na malimau, ajisafishe ndani asubuhi na jioni, na maumivu yalipozidi akasema hiyo ni dalili kwamba dawa inafanya kazi. Mama Charlotte wa chumba cha maombi anajua kwamba dada ana bwana wa usiku, yaani pepo aliyemuoa ndotoni na sasa ana wivu, akamwekea siku saba za kufunga, naye ananyonyesha, na mtoto analia kwa sababu yeye hakuelezwa habari za pepo.

Mimi nilimwambia aende kituo cha afya, naye akaenda mara tatu, lakini pale muuguzi anauliza ugonjwa mbele ya benchi nzima, na muuguzi huyo anaimba na dada katika kwaya. Mara ya kwanza nilikuwa nimekaa kando ya dada.

“Mama, weye unasikia nini?”

“Kichwa,” dada akajibu.

“Kichwa tu?”

“Iko kichwa tu, dada yangu.”

Sasa tuna pakiti tatu za parasetamoli na vichwa vyetu vyote ni vizima. Jumapili ijayo wazee wa shemeji watakaa waamue kama dada arudishwe kwa baba yetu kule Nyakabere, kwa kuwa wanasema anaikataa ndoa. Hajaikataa, anaogopa maumivu. Naamini dawa iko mahali fulani, maana hakuna sura ya kitabu inayorukwa kama haina kitu ndani.

Mwanafunzi wa Kasenga

*

Mwanangu, mwandiko wako unasomeka kweli. Mwalimu Anastase mpe salamu zangu, mwambie majani yanamshukuru.

Nyumba yenu imebarikiwa: wataalamu watatu, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza mgonjwa panauma wapi. Shabu kazi yake ni kutuliza tope kwenye ndoo ya maji. Limau tunawakamulia ndagala, samaki wale wadogo, na tena wakiwa wamekwisha kufa. Mama mkwe ameviweka vyote viwili kwenye mwili wa mtu aliye hai, halafu anafurahi kwamba mtu huyo anasikia uchungu. Vitupwe leo, na dada yako anawe kwa nje tu, kwa maji safi.

Huyo bwana wa usiku namwonea huruma, maana anasingiziwa. Maumivu haya yanakuja na bwana wa mchana, mwenye viatu, anayeitwa Ishema. Maombi sikatazi, ila mama anayenyonyesha ale kwanza, ndipo aombe.

Nawe Umutesi, toka nyuma ya mdogo wako. Ulidanganya mara tatu, na uongo wako ukatibiwa vizuri mara tatu. Mimi siwezi kukupima kupitia gazeti. Huenda ulichanika ukizaa na kovu likapona vibaya, huenda ni ukavu unaoletwa na kunyonyesha, huenda ni ambukizo, huenda ni hiyo shabu yenyewe. Karibu yote yana matibabu. Tena hauko peke yako: nina hakika kwenye benchi ile kuna wengine wanaosema kichwa.

Ukiwa na homa, uchafu wenye harufu, au damu isiyo ya mwezi, nenda leo hii. Kama huna, nenda kesho asubuhi. Mpaka upimwe, kitanda kiwe cha kulala usingizi. Na Ishema, kama unasoma: kutopendwa ni jambo moja, kuumia ni jambo lingine, na mwanaume wa kweli anajua kuuliza. Nenda naye, ukae kwenye benchi hilohilo, kwa kuwa likiwa ni ambukizo mtatibiwa wote wawili. Na kabla ya Jumapili uwaambie wazee wako kwamba hawawezi kuhukumu mwili ambao hakuna aliyeupima.

Ikiwa ulimi utakataa tena, Umutesi, usiulazimishe. Mdogo wako akate kipande cha chini cha ukurasa huu, wewe ukikunje, umpe muuguzi mkononi bila kusema neno:

*Nina maumivu ukeni ninapolala na mume wangu, tangu nilipojifungua miezi saba iliyopita. Nilikuwa natumia shabu na limau. Ninanyonyesha. Naomba nipimwe na mkunga, chumbani, mlango ukiwa umefungwa. Kichwa changu ni kizima.*