Mstari wa Mama

Nyumbani,
Chumba cha cherehani.
Jumapili, baada ya mvua.

Mpendwa mdogo wangu Twiga,

Salamu zangu zikukute mzima, wewe na wifi yangu. Kikohozi chake kimeisha? Mwambie aache ushujaa, avae sweta. Sisi huku hatujambo. Goti la Baba bado linatangaza mvua kabla ya redio, na jana halikukosea.

Barua yako nimeipata. Unataka mwashi aanze msingi wa vyumba vyako pale uwanjani, na yale mahindi mekundu ya Mama yang'olewe kwa sababu yamechoka. Ni kweli yamechoka. Tangu Mama atutoke tumeyapanda yenyewe tu, bila kuyachanganya, kama alivyotuusia, na kila msimu yanazidi kuwa mafupi. Kiwanja ni chako, sikatai. Ila kabla mwashi hajashika koleo, nisikilize.

Unajua kazi yangu ni kuotesha na kukagua mbegu. Msimu uliopita nilichukua chavua, ule unga wa ua la juu, kwenye mahindi meupe ya mtunza ghala wetu wa kazini, nayo yamechoka vilevile, nikaipaka kwenye nywele za mahindi ya Mama. Kisha nikayafunika kwa mifuko ya karatasi ili unga mwingine usiingie. Baba alicheka hadi machozi. "Mahindi yanavalishwa kofia na mimi fundi cherehani sijaambiwa!"

Mbegu nilizopata nimezipanda kwenye trei dirishani, katikati ya za Mama na za mtunza ghala. Udongo mmoja, maji yaleyale. Twiga, mimi ninayekula kwa kutazama miche sijawahi kushangaa hivi! Miche chotara ilitangulia kuchomoza, ikabeba donge la udongo kichwani na kulitupa pembeni. Majani mapana, shina limejaa. Wazazi wake, kulia na kushoto, bado wanajikongoja, wamepauka. Nilisimama na kopo la maji mkononi, mdomo wazi. Mnyonge na mnyonge, nguvu hii imetoka wapi? Kazini wanasema upungufu wa mmoja hufidiwa na mwenzake. Naelewa, lakini mwili bado unanisisimka.

Juzi nikagundua kwamba Baba amekuwa akiweka mbolea kisirisiri. Si kwa chotara, bali kwa wale wanyonge wa pembeni! "Sasa ningewaacha waaibishwe na watoto wao?" Nilitaka kukasirika kwa kuharibiwa jaribio langu, nikashindwa. Hata kwa upendeleo ule wazazi hawakuwafikia watoto. Baba akaleta tepu yake ya ushonaji, akapima, akapima tena, akanyamaza. Na unamjua Baba, hanyamazi hata akiwa na pini mdomoni.

Sasa jambo lenyewe. Nguvu hii hairithishwi yote. Ukipanda mbegu za chotara, wajukuu watatoka mchanganyiko, wengine warefu, wengine wafupi, na nguvu itapungua. Anayeitaka tena lazima arudi kwa wale wazazi waliochoka, awaoanishe upya. Mahindi ya Mama hayako kwa mtu mwingine yeyote, na sisi hatuna kipande kingine cha ardhi. Yaking'olewa, basi tena. Nakuomba utuachie mstari mmoja tu, mdogo wangu. Nakuomba sana.

Hayo nimemweleza Baba pia. Leo asubuhi nimemkuta uwanjani anachechemea na tepu ileile, anapima mahali nyumba yako itakaposimama na kuchomeka vijiti. Alipofika mwisho akaniita.

"Mwandikie mdogo wako," akasema. "Jikoni kwake pakipunguzwa kidogo tu, mama yenu anaenea."

Msalimie sana wifi, na yule mjomba fundi bomba aliyekupokea huko. Shangazi anakusalimu, anauliza kama bado unagonga kichwa milangoni. Mungu awalinde nyote, akubariki kazi ya mikono yako.

Ni mimi akupendaye, ninayengoja jibu lako kabla ya mwashi,
Dada yako.